Kunakili madaftari ya meli kwenye Old Weather: uzoefu wangu nikiwa Lindi

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu ya mwandiko wa maofisa wa wanamaji wa Uingereza. Kuna 1 zao zinafanana na 7 mpaka unataka kulia.

Nilijiunga na Old Weather 2011, mwaka mmoja baada ya mradi huo kuanza kwenye tovuti ya Zooniverse, ambako watu wa kawaida wanajitolea kusaidia kazi za wanasayansi. Ulikuwa unaletewa picha ya ukurasa wa daftari la meli ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza, unachapa kilichoandikwa: tarehe, meli ilipo, kanieneo ya hewa kwa inchi za zebaki, joto kwa Farenhaiti, upepo unatoka wapi na una nguvu gani kwa kipimo cha Beaufort, 0 mpaka 12. Hali ya anga ni herufi tu: b anga safi, c mawingu, r mvua. Wanasayansi walizihitaji namba hizo kwa sababu katikati ya bahari hakukuwa na kituo cha hali ya hewa. Meli ndiyo ilikuwa kituo. Hukulipwa hata senti. Mimi ndiye niliyekuwa nalipa, Sh 500 kila nusu saa, kwenye kafe ya intaneti ambayo kibodi yake ilikuwa imeng'oka kitufe cha 9.

Meli ulikuwa unachagua mwenyewe. Mimi nilivutwa na habari za hapahapa: Oktoba 1914 manowari ya Uingereza Chatham iliikuta Präsident, meli ya Wajerumani, imejificha mtoni Lindi, na karatasi zilizokutwa ndani yake ndizo zilizowaonyesha Waingereza kwamba manowari ya Kijerumani Königsberg imejichimbia mto Rufiji. Nikachukua meli iliyofanya doria pwani yetu baada ya hapo.

Kurasa nyingi zinachosha, nisikudanganye. Watu wanapaka rangi, wanapakia makaa, wagonjwa wanne.

Halafu nikafika Julai, meli imetia nanga mbele ya Lindi. Mchana kutwa upepo ni kusi, S na SE (kusini na kusini-mashariki), nguvu 4. Lakini kwenye mstari wa saa kumi alfajiri (wao wameandika 4) kuna W. Magharibi, msimu wa kusi? Nikajua ofisa kakosea, nikataka kuandika S. Sharti la kazi lilikuwa kuchapa unachokiona, si unachodhani, na ukurasa ulipitiwa na zaidi ya mtu mmoja ili walinganishe. Bado nilisita, nikampigia baba mdogo, mvuvi wa Mikindani.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Kumi alfajiri."

"Sasa wewe unashangaa nini? Huo upepo wa umande, unatoka bara. Sisi tunatokea na huo kwenda kuvua."

Nikachapa W. Kurasa zilizofuata nikawa naukimbilia mstari wa alfajiri kwanza, na umande ulikuwepo karibu kila siku, halafu kufika saa nne asubuhi kusi kashaamka. Mwingereza wa watu hakujua jina lake, lakini aliuandika.

Ukichapa kurasa nyingi ulikuwa unapanda cheo, kutoka kadeti hadi luteni, na aliyeongoza kwa meli hiyo ndiye alikuwa kapteni. Mimi niliishia luteni. Kapteni wetu alikuwa anachapa usiku na mchana, sijui alikuwa analala saa ngapi.

Madaftari ya vita yale yalishamalizwa, yakafuata ya meli za Marekani zilizopita Aktiki. Huko sikwenda. Barafu naijua ya kwenye friji tu.