Mafunzo ya siku mbili ya usingizi kwa wanafunzi wa uuguzi: siku ya kwanza bora, ya pili imebanwa

Mafunzo haya yalifanyika mwishoni mwa wiki katika chuo kimoja cha afya jijini Dar es Salaam, kwa ada ya shilingi 40,000 pamoja na kitini cha kurasa 52. Niliyahudhuria nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga ambaye tayari amekwisha kushika zamu za usiku wodini, na nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kuelewa kinachotendeka ndani ya mgonjwa ninayemkuta amelala fofofo usiku wa manane, halafu nikalazimika kumwamsha ili nimpime joto na shinikizo la damu.

Siku ya kwanza ilinipa jibu hilo kikamilifu. Badala ya kuanza na herufi na namba zinazotaja hatua za usingizi (N1, N2 na N3), mkufunzi alituuliza maneno tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, tukamtajia lepe, mang'amung'amu na usingizi wa pono. Ndipo akaonyesha kwamba mang'amung'amu ndiyo N1, hatua ya kwanza na nyepesi kabisa, dakika chache ambazo mtu akiguswa atakana kuwa alikuwa amelala, na pono ndiyo N3, hatua nzito kuliko zote, pale mawimbi ya ubongo yanapokuwa mapana na ya polepole na mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji. N2, ambayo huchukua karibu nusu ya usiku mzima, hatukuwa na jina lake, na jambo hilo lilinishangaza. Hatua ya ndoto, yaani REM, aliieleza kupitia ugunduzi wa Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 1953: macho huchezacheza chini ya kope ilhali misuli mingi ya mwili imelegea kabisa.

Kilichonifaa zaidi ni mchoro wa usiku mmoja aliouchora ubaoni. Mzunguko mmoja huchukua takribani dakika 90, na kwa usiku hupatikana minne hadi sita, lakini mizunguko hiyo hailingani, kwa kuwa pono hujaa katika theluthi ya kwanza ya usiku na ndoto hurefuka kuelekea alfajiri. Kwa hiyo mgonjwa aliyelala saa nne, akaamshwa saa sita kwa kipimo ambacho kingeweza kufanywa pamoja na dawa za saa nne, amenyang'anywa sehemu nzito kuliko zote ya usingizi wake. Tangu siku hiyo, pale hali ya mgonjwa na maagizo ya daktari yanaporuhusu, ninajitahidi kuzikusanya kazi zangu za usiku.

Dosari ya siku hiyo imo katika kitini, ambacho bado kinazitenganisha hatua ya tatu na ya nne kwa mgawanyo wa mwaka 1968, ingawa wataalamu wa Marekani waliziunganisha kuwa N3 mwaka 2007. Mkufunzi alisahihisha kwa mdomo. Atakayekisoma peke yake atabaki na mgawanyo wa zamani.

Siku ya pili, maradhi yote ya usingizi yalisukumwa ndani ya asubuhi moja. Kukosa usingizi kulielezwa vizuri, hasa kwamba tatizo huitwa sugu linapotokea angalau usiku mitatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, na kwamba tiba ya kubadili mazoea na mawazo hutangulizwa kabla ya vidonge. Kukatika kwa pumzi usingizini kulipewa vipimo sahihi: pumzi kusimama kwa sekunde 10 au zaidi, na matukio zaidi ya 30 kwa saa kuwa hali kali. Hata hivyo, hatukufanyishwa zoezi lolote la kumhoji mgonjwa anayekoroma, ambayo ni dalili kubwa ya hali hiyo, wala hatukuonywa kwamba kumpa mtu wa namna hiyo morfini (dawa ya maumivu makali) au diazepamu (dawa ya kutuliza) bila uangalizi wa karibu kunaweza kumhatarisha. Kwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, onyo hilo lina uzito kuliko historia yote ya mashine za kusukuma hewa puani zinazotumika kuitibu hali hiyo, iliyotumia nusu saa.

Lililoniuma ni miguu isiyotulia usiku, iliyopewa mstari mmoja. Hali hii huwapata sana wajawazito, na upungufu wa madini ya chuma huichochea. Kliniki zetu za wajawazito zimejaa wanawake wenye upungufu wa damu, na ni nadra kuwasikia wakiulizwa kama miguu inawanyima usingizi.

Jinamizi halimo kabisa katika kitini. Mwenzetu mmoja ndiye aliyeuliza, na mkufunzi akajibu kwa heshima kwamba mtu huzinduka akili huku ulegevu wa misuli wa hatua ya ndoto ukiwa haujaondoka, ndiyo maana huhisi amekabwa na hawezi kupiga kelele. Ukumbi mzima ulinyamaza kusikiliza, na watatu kati yetu walikiri kuwa yamewahi kuwafika.

Ninawashauri wanafunzi wenzangu wahudhurie, wakisahihisha ukurasa wa hatua za usingizi kwa kalamu siku ile ile. Kwa waandaaji, ombi langu ni siku ya tatu itakayohusu kukoroma, wajawazito na jinamizi peke yake, na ada yake nitailipa tena.