"Chock-full" au "chock-a-block"?

Maneno haya ya Kiingereza yote mawili yanasema kitu kimejaa pomoni, ila kila moja lina mahali pake.

"Chock-full" ndilo kongwe; limo katika maandishi ya Kiingereza tangu mwaka 1400 hivi. Hufuatwa na "of": a book chock-full of ideas. Nalipenda kwa vitu vilivyosheheni mambo mema, kama kapu, kitabu au hotuba.

"Chock-a-block" lilitoka baharini. Mabaharia walipandisha matanga na mizigo kwa kamba iliyopitishwa kwenye makapi mawili, yaani vigurudumu vya kuvutia kamba. Wakivuta hadi makapi yagusane, basi, hapavutiki tena; hali hiyo ndiyo waliyoiita chock-a-block. Kwa hiyo linafaa zaidi palipobanana mpaka pamekwama: the road was chock-a-block with cars. Angalia hiyo "with", maana wengi huweka "of" na sentensi ikapinda. Waingereza hulisema sana, na Waaustralia wamelifupisha kuwa "chockers".

Kwenye insha ya kusifia maktaba ningeandika "chock-full" bila kusita. Kwa foleni ya Dar es Salaam saa kumi na moja jioni, "chock-a-block" halina mshindani.