Madirisha mabovu na ukaguzi wa matatu: uzoefu wangu Kisumu

Nina matatu ya abiria 14, Toyota HiAce, inayofanya kazi kati ya Kisumu na Busia. Kila muda wa stika ya ukaguzi unapokaribia kwisha, wenye magari stendi huongea habari za breki, taa, tairi na gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo kasi. Safari hii mimi nilikuwa na shida ya madirisha. Kioo cha mlango wa dereva kilikuwa kimekataa kushuka. Vioo vya kuteleza vya upande wa abiria vilisukumwa kwa nguvu ya mabega ndipo visogee. Na dirisha moja la nyuma halikuwa na kioo. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka plastiki ngumu, ile ya perspeksi, nami nikanunua gari likiwa hivyo hivyo.

Niliuliza watu wengi kama gari linaweza kuanguka inspekshoni kwa sababu ya dirisha. Wengine wakaniambia dirisha si breki, nenda tu. Wengine wakasema nitarudishwa hata kabla ya gari kupanda kwenye mashine. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa nimepitia na nimeona kilichotazamwa na kisichotazamwa.

Kwanza niseme kuhusu fundi, maana yeye ndiye huduma niliyoilipia na ndiye ninayetaka kumsifu. Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimepita duka moja la spea mjini. Muuzaji hakuliangalia gari. Alisikia tu kwamba dirisha la umeme halishuki, akasema mota imekufa, niandae shilingi 6,500, na kazi ya kufunga ni bei nyingine. Aliongea kwa uhakika wa mtu aliyeona ugonjwa kwa macho yake. Sikupenda hilo, nikaondoka.

Fundi niliyeelekezwa na dereva wangu anafanya kazi za vioo na milango tu, na kibanda chake kiko kwenye jua kali. Alipoketi kwenye kiti cha dereva hakushika bisibisi. Aliwasha taa ya ndani, akabonyeza swichi ya dirisha, akaitazama taa.

"Mama, unaona taa haijafifia? Mota haivuti umeme. Mota ingekuwa imekwama, ingevuta umeme na taa ingepungua kidogo."

Akabonyeza tena huku anagonga paneli ya mlango kwa ngumi, akanieleza kwamba mota iliyochoka brashi, vile vipande vya ndani vinavyoipelekea umeme, mara nyingine huamka ikigongwa hivyo. Haikuamka. Fuse ilikuwa nzima. Basi akaufungua mlango wazi kabisa, akaenda pale kwenye bawaba, ambapo kuna bomba la raba lenye mikunjo linalopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Akalichomoa taratibu upande mmoja. Ndani nyaya zote zilionekana nzima. Akazikunja moja moja kwa vidole, na waya mmoja ukajikunja kirahisi kuliko wenzake. Ganda lilikuwa zima, shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Mlango wa dereva hufunguliwa na kufungwa mchana kutwa, na nyaya hizo hujipinda pale pale miaka nenda miaka rudi.

Akakata sehemu mbovu, akaongeza kipande cha waya, akalehemu, akafunga vizuri na kurudisha raba mahali pake. Kioo kikashuka na kupanda. Kazi hiyo alinitoza shilingi 800. Mota ya 6,500 ingefungwa na dirisha lingebaki limekufa vile vile, kwa sababu ugonjwa haukuwa huko.

Vioo vya kuteleza havikumchukua muda mrefu. Alisafisha njia za raba kwa brashi na maji ya sabuni, na uchafu uliotoka ulikuwa mweusi mzito, mchanganyiko wa vumbi na oili. Kondakta alikuwa anatia oili ya injini ili viteleze. Fundi alimwita, akamwonyesha jinsi raba ilivyovimba na kulainika, akamwambia oili hukamata vumbi na huila raba, kwa hiyo kioo huwa laini wiki ya kwanza kisha hukaza zaidi ya mwanzo. Yeye alitumia dawa ya silikoni ya kupuliza. Loki mbili zilizovunjika akazibadilisha. Mpaka leo abiria mwenye mtoto mgongoni anafungua kwa mkono mmoja.

Kazi ngumu ilikuwa ile plastiki. Mimi nilidhani atakata kioo kipya kwa vipimo, kama wanavyofanya mafundi wa madirisha ya nyumba. Alikataa, na nilipenda alivyonieleza sababu. Kioo cha dirisha la pembeni la gari hupashwa moto mkali kisha hupozwa haraka kiwandani, ndiyo maana kikivunjika humwagika vipande vidogo butu badala ya visu virefu. Kikishapitia moto huo hakikatwi tena. Ukikigusa na mashine ya kukata, kinapasuka chote. Kwa hiyo lazima upate kioo kizima cha gari la aina hiyo hiyo. Kukata kioo cha nyumba na kukibandika hapo kunawezekana, na wapo wanaofanya, lakini gari likigongwa kioo hicho kinakuwa panga shingoni mwa abiria. Alisema kazi hiyo hafanyi kwa pesa yoyote. Tulisubiri mpaka akapata kioo kutoka kwa HiAce iliyochinjwa kuuzwa spea.

Kilipofika akanionyesha kona ya chini. Kulikuwa na maandishi madogo yaliyochorwa ndani ya kioo chenyewe, na neno Temperlite. Akanipeleka kwenye kioo cha mbele, akanionyesha neno Lamisafe. Ni majina ya kampuni ya vioo ya Asahi ya Japani, la kwanza kwa kioo kilichopashwa moto, la pili kwa kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati, ambao hushikilia vipande kikipasuka ili visimrukie dereva. Magari mengi ya Japani tunayotumia huku yana maandishi hayo, na mtu yeyote anaweza kuyasoma kwa dakika moja kabla ya kununua gari. Mimi sasa nikiangalia gari lolote macho yanakimbilia kona ya kioo.

Kioo changu cha mbele kilikuwa na alama ndogo ya kokoto, chini upande wa abiria. Barabara ya kupitia Maseno, Luanda na Yala ina malori mengi, na kokoto hurushwa. Fundi aliigusa kwa ukucha, akasema ni ndogo, iko mbali na macho ya dereva, na haijafika pembeni. Ufa unaoanzia pembeni ndio unaokimbia. Akapendekeza itiwe gundi maalumu kabla maji ya mvua na uchafu havijaingia, nikakubali.

Mpwa wangu anaishi Leicester, Uingereza, na nilipomweleza haya kwa simu akaniambia kwao ukaguzi wa kila mwaka, unaoitwa MOT, huanza gari la kawaida likifikisha miaka 3, na vipimo vya kioo cha mbele vimeandikwa kwa milimita. Kuna ukanda wa upana wa milimita 290 mbele ya usukani. Ndani yake, jeraha la kioo lisilotoshea kwenye duara la milimita 10 linaangusha gari. Sehemu nyingine inayofagiliwa na waipa, kikomo ni milimita 40. Nilichukua rula nikapima langu kwa kipimo chao ili nijue tu niko wapi. Lilikuwa ndani ya kikomo. Kipimo hicho ni cha Uingereza na hakimfungi mkaguzi wa Kenya, lakini kilinisaidia kuelewa hasa kinachoogopwa: kitu chochote kinachosimama kati ya macho ya dereva na barabara.

Kwetu sheria inayonihusu ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu cha 55 kinataka gari na sehemu zake zote na vifaa vyake viwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani. Sehemu zote, maana yake na madirisha yamo. Ndiyo sababu sikubaliani kabisa na wanaosema dirisha si kitu. Mkaguzi akiona dirisha lako ni hatari, ana pa kusimamia.

Siku ya ukaguzi nilikwenda mwenyewe pamoja na dereva. Nafasi tulikuwa tumeichukua na kuilipia mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hapo sina la kulalamika. Kwenye foleni, gari la mbele yetu lilirudishwa mbele ya macho yangu. Kioo chake cha mbele kilikuwa na ufa uliotoka pembeni ukakata mbele ya usukani. Mwenyewe alijitetea kwamba gari lina breki mpya. Mkaguzi alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwandikia kasoro akabadilishe kioo.

Kwetu, kabla ya mashine, alizunguka gari. Alimwambia dereva ashushe kioo chake na kukipandisha. Kilishuka, kikapanda. Akainama kusoma maandishi kwenye kona ya kile kioo tulichobadilisha, labda kwa sababu raba yake ilikuwa mpya kuliko nyingine, akagonga kwa kidole, akaendelea. Ndani alisukuma vioo viwili vya abiria na kujaribu loki. Alama ya kokoto aliiona, akaisogelea, hakuiandika. Waipa zilijaribiwa kwa maji.

Kilichotaka kutukwamisha ni maandishi makubwa ambayo kondakta alikuwa ameyabandika kwenye kioo cha nyuma. Mkaguzi alikaa kiti cha dereva, akatazama kioo cha ndani cha kuonea nyuma, akasema haoni nyuma. Tukapewa nafasi ya kuyabandua hapo hapo. Kwa wembe na maji ya sabuni yalitoka, ingawa gundi ilitutoa jasho. Kama gari lako lina tinti au michoro ya vioo, ishughulikie nyumbani. Gari la abiria halina haja ya kuficha watu waliomo, na dereva anahitaji kuona pande zote.

Baada ya hapo breki, taa, mikanda, gavana ya kilomita 80 kwa saa, na kuingia shimoni kutazama chini ya gari. Yote yalikwenda vizuri na tukapita.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza ni hili: kwa nilivyoona, madirisha yanatazamwa, na uzito wa kasoro haulingani. Ufa mbele ya dereva utakurudisha, nilishuhudia. Kioo kisicho na alama ya usalama ningekiondoa kabla sijafika getini. Dirisha la dereva lifanye kazi. Dirisha gumu la abiria pengine mkaguzi mwingine hataligusa, lakini mimi ningelitengeneza hata kama hakuna ukaguzi duniani. Gari la watu 14 likipinduka na mlango ukabanwa, dirisha ndilo mlango. Na katika joto la Kisumu la saa nane mchana, watu wakikohoa ndani ya gari lililofungwa, kifua kikuu hakihitaji tiketi. Mwaka 2020, wakati wa korona, tulipobeba abiria 8 badala ya 14, tulijifunza kwa lazima kufungua madirisha. Sioni kwa nini tuliacha.

Huduma ya fundi naipa alama za juu kabisa. Alipima kabla ya kuuza, alikataa kazi ya hatari, na bei zake alizitaja kabla ya kuanza. Upungufu wake ni muda. Yuko peke yake, kioo cha kubadilisha kilichelewa, na gari likilala kwake halina bawabu, kwa hiyo dereva wangu alilirudisha nyumbani kila jioni. Mtu ambaye stika yake inaisha kesho hatasaidika huko. Nenda ukiwa na mwezi mzima mkononi.

Raba ya mlango wa abiria bado inaingiza maji kidogo mvua ikipiga kutoka upande wa ziwa. Amesema akipata nzima ataifunga bila kunitoza kazi, nilipie raba tu. Nimemwachia nambari ya dereva, na nataka iwe tayari kabla ya mvua za Machi.