MiniMed 780G: pampu nzuri, ila mipangilio yake inataka mkono

Pampu hii ya insulini ya Medtronic, ya wenye kisukari, husoma sensa (kipimo cha sukari kinachovaliwa mwilini) na kurekebisha insulini kila dakika 5. Nafuu yake huonekana zaidi usiku. Lengo la sukari ya damu ni 5.5, 6.1 au 6.7 mmol/L. Muda wa insulini kufanya kazi mwilini huwekwa kati ya saa 2 na 8. Ukiuacha kwenye 4 utasema pampu ni mvivu. Mkikubaliana na daktari, lengo la 5.5 pamoja na muda wa saa 2 ndiyo hutoa matokeo bora.

Uwiano wa wanga, yaani gramu za wanga zinazofunikwa na uniti 1 ya insulini, unabaki kazi yako. Anza na 500 ugawe kwa jumla ya uniti za insulini za siku: anayetumia 40 hupata uniti 1 kwa gramu 12.5 za wanga. Sukari ikipanda kila baada ya mlo, punguza gramu hizo kwa takriban asilimia 10. Dozi ya chakula itangulie dakika 10 hadi 15. Umesahau, na saa nzima imepita? Usiingize wanga wote, maana pampu imeshaanza kusahihisha yenyewe na sukari itashuka mno.

Udhaifu uko kwenye kanula, kijibomba laini kinachoingia chini ya ngozi. Ikijikunja, au mrija ukiwa na viputo (insulini ya baridi kutoka friji huvileta), skrini itasema dozi imeenda na mwilini hakuna kitu. Sukari ikivuka 14 na ikagoma kushuka, pima ketoni (asidi zinazojaa mwilini insulini ikikosekana), choma insulini kwa peni ya sindano, kisha badilisha seti nzima ya kanula na mrija. Peni isikosekane begini.

Betri ni AA ya dukani. Hapo wamefikiri.