Tangi la petroli lisilotaka petroli

Tangi likishapakwa rangi, linatiwa mafuta. Sikudhani hilo linahitaji maelezo. Kumbe ipo gereji hapa Dar es Salaam, jina lake siliweki, ambako wanakupulizia tangi la pikipiki kwa laki moja na ishirini, wanalipiga picha, wanakupa mkono, halafu rangi ikianza kubabuka wanakuuliza kwa mshangao, "Kwani ulilimwagia petroli?"

Ndiyo, nililitia petroli. Ni tangi la petroli.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikiendelea hivi nitaishia kwenye matusi.

Pikipiki ni Honda CG 125 ya zamani, nyekundu, niliyoinunua kwa bwana shamba mmoja mstaafu kule Morogoro kwa laki saba na nusu. Waliokulia vijijini wanaijua kwa mlio tu kabla haijatokeza kwenye kona. Sitaeleza ina nguvu kiasi gani wala inakula mafuta kiasi gani, hayo tafuta mwenyewe. Ninachotaka ujue ni kwa nini mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuthubutu kuichezea. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watu wanaobadilisha oili siku wakikumbuka. Cheni ya ndani ya injini, ile inayopanda juu kuendesha valvu, hawakuiweka. Waliweka fimbo za kusukuma. Cheni ya nyuma wakaifunika yote kwa bati ili tope na vumbi visiifikie. Baadaye Wachina wakainakili ile injini, ikazaa ukoo mzima wa pikipiki za bei nafuu ambazo bodaboda wamezipanda miaka yote hii. Ndiyo maana pistoni, ringi, gasketi na sahani za klachi nilivipata Kariakoo kwenye duka la spea za pikipiki za Kichina, fundi wangu wa mtaani akavifunga, na chuma kikawaka bila kubembelezwa. Upande wa injini sina neno hata moja la kulalamika.

Tatizo lilianza nilipotaka ipendeze.

Nilitenga laki sita kwa ajili ya muonekano, na laki sita ilikuwa mwisho kabisa, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inanukia. Sikutaka maajabu. Siti ndefu iliyolala, usukani mfupi wa chini, madigadi ya nyuma ipunguzwe, rangi ya kijani iliyokolea. Ule mtindo wa vijana wa London wa miaka ya 1960, waliokuwa wakishindana mbio kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine, nao hawakuwa matajiri; walikuwa wanavua kila kisichohitajika na kubaki na mashine. Nikasema hicho ndicho kitu cha mtu wa kipato changu. Kuvua si gharama. Nilichosahau kukipigia hesabu ni tabia ya wanaovua.

Mwanzoni walinipokea vizuri, lazima niseme. Mwenye gereji ni kijana wa makamo, raba nyeupe, na raba hizo hazikuwa na hata tone la oili. Mtu mwenye gereji! "Braza, hapa umefika," akaniambia, "hii mashine ukija kuichukua hutaamini." Hapo alisema kweli kuliko alivyojua.

Na kabla sijawachinja, kuna mzee wa siti. Yeye hata si mwajiriwa wao, amepewa kona tu nyuma ya gereji na cherehani yake ya kushonea turubai. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, kaa juu yake kwanza." Nikakaa kwenye fremu tupu, chuma kinanichoma. Akachukua chaki akaweka alama mapaja yanapoishia, akaweka nyingine pale kiuno kinapotulia nikishika usukani. Akakata sponji ya godoro tabaka mbili, ngumu chini, laini juu, akazigundisha, kisha akawa anainyoa kwa kisu kirefu kidogo kidogo, anapitisha kiganja, ananyoa tena. Ngozi ya bandia akaivuta kwa magoti, mishono imenyooka utadhani imetoka kiwandani Japani. Elfu sitini na tano. Nimeikalia hadi Bagamoyo na kurudi, mgongo haukuuma. Huyu mzee angekuwa na gereji yake mwenyewe nisingeandika haya, ningekuwa nawatumia watu ramani.

Sasa turudi kwenye tangi, maana usiku silali kwa ajili ya tangi.

Nilimuuliza yule wa raba nyeupe mbele ya watu: hii rangi itahimili petroli? Akasema, "Hiyo ni rangi ya gari kabisa, braza, usiwe na wasi." Siku ya kuchukua, kweli lilikuwa linameta. Kijani kile cha chupa ya bia, mstari mwembamba wa rangi ya krimu ubavuni. Wakaisogeza pikipiki kwenye ukuta mweupe, wakapiga picha nyingi tu. Nikalipa chote. Nikapiga honi nikaondoka kama bwana harusi.

Haukupita muda mrefu. Nikawa sheli moja pale Mbezi, kijana wa pampu akajaza mpaka juu, mafuta yakamwagika kidogo kuzunguka mfuniko. Akachukua kitambaa akafuta, mambo ya kawaida. Kitambaa kikageuka kijani. Tukaangaliana. Akasema, "Kaka, rangi yako inatoka." Nikamwambia nimeona.

Kufika nyumbani rangi ilikuwa imevimba kuzunguka mdomo wa tangi. Kesho yake imejikunja. Nikaigusa kwa kucha, ikanyanyuka kipande kizima bila kupigana. Chini yake puti. Chini ya puti, rangi nyekundu ya Honda ileile, haijaguswa na msasa, inang'aa. Na pale ambapo nyekundu ilikuwa imeliwa, kutu. Walipaka puti juu ya kutu! Laki moja na ishirini ilinunua koti la kufunika ugonjwa.

Halafu ikaja jioni ya Kimara. Barabara ya Morogoro, foleni ya watu wanarudi makwao, na mimi katikati ya njia. Injini ikakohoa, ikavuta, ikazima. Daladala nyuma inapiga honi, bodaboda wananipita kulia na kushoto, mmoja ananiambia, "Mzee, peleka makumbusho hiyo." Mzee! Nikaisukuma hadi pembeni. Nikafunga koki, nikafungua bakuli la kabureta, nikalimwagia kiganjani. Petroli ya rangi ya kutu, na ndani yake chembechembe zimetulia kama machicha ya chai. Nikazisugua kwa kidole: nyingine za kahawia, zinakwaruza, nyingine laini, za kijani. Rangi yao ilikuwa imeingia hadi kwenye kabureta. Chujio la koki nalo limeziba kabisa. Yaani ndani ya tangi hawakuosha, na nje hawakukwangua, na mdomo wa tangi wakati wa kupuliza hawakuuziba hata kwa gazeti.

Kwa faida ya mwenye pikipiki kuukuu kama yangu, kazi yenyewe haina uchawi. Mafuta ya tangi yanamwagwa yote, nalo linaachwa wazi hadi mvuke uishe. Ndani unatia nati au kipande cha cheni na siki, unalitikisa na kulilaza usiku kucha, unalisuuza, unalikausha haraka kabla kutu haijarudi. Nje unakwangua hadi bati, unapanda na msasa kutoka wa kukwaruza hadi laini, praima, ndipo rangi. Na juu ya yote kliya ya 2K, ile rangi angavu ya kufunikia inayochanganywa na hadina. Hapo ndipo siri ilipo. Hadina inaifanya kliya iive na kuwa ngumu, petroli ikimwagika unafuta tu. Rangi ya NC, ile isiyo na hadina, inakauka kwa thina kuruka, basi. Ukiirudishia thina au petroli inalainika. Rafiki yangu anayepuliza magari aliposhika kile kipande alikifuta kwa pamba yenye thina, pamba yote ikawa kijani, akacheka. "Hii NC tupu, haina hata kliya ya maana." Tofauti ya gharama kwa tangi dogo vile haifiki bei ya tairi. Walinidhulumu kwa ajili ya kopo.

Nikawarudia. Nilikwenda kwa adabu, naapa. Nimelifunga tangi kwenye kanga ya mke wangu.

Raba nyeupe hakuinuka hata kwenye kiti. Akaniuliza lile swali la petroli. Nikamjibu. Akasema, "Ungetakiwa kuweka nusu tangi, braza. Ukijaza lazima yaguse mfuniko."

"Kwa hiyo nisijaze tangi langu?"

"Rangi haina garantii."

"Wewe uliniambia itahimili. Mbele ya hawa."

Hawa wakawa wanaangalia simu zao. Ndipo akatoa lile neno ambalo mpaka leo nikiwa naoga linanirudia: "Kaka, hilo tangi lina umri wa baba yako. Ulitegemea nini? Kama ulitaka kitu kipya ungenunua pikipiki mpya." Na vijana wake wakacheka.

Baba yangu anaingiaje hapa? Na gereji yenyewe imeandika ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba wao ni mabingwa wa pikipiki za zamani. Sasa wanachukia za zamani zikiwa za zamani?

Mzee wa siti peke yake ndiye aliyenifuata nje. Akanishika bega, akasema, "Pole mwanangu, hawa watoto wana haraka." Akanifungia tangi vizuri kwenye kanga.

Nikiwa nimetulia huwa najiuliza kama siwaonei. Kodi ya eneo wanalipa, kompresa inakula umeme, wateja wanabembeleza bei mpaka mtu anaamua kupunguza pale ambapo hapaonekani. Usukani walinitafutia mzuri wa mtumba kwa elfu ishirini na tano, haujapinda, swichi zote zikakaa. Madigadi ya nyuma walikata wakachomelea kwa usafi, hakuna kovu. Hizo kazi ukizitazama ni za watu wanaojua. Pengine tangi lilikutana na siku mbaya. Nilikuwa nimeshaandika hata nyota tatu, nikasema basi, ugomvi hauna faida.

Kisha nikakumbuka kifuniko cha cheni.

Lile bati lililofunika cheni yote, nililolisifia pale juu, ndilo lililoifanya CG iwe CG. Mwezi wa masika unaendesha kwenye tope la Mbagala, cheni ndani inabaki na grisi yake. Lilikuwa zima, lina mkwaruzo mmoja tu. Nililikosa siku ileile ya kuchukua, nikauliza, nikaambiwa, "Tumelivua, lilikuwa linaharibu shepu." Nikasema sawa, nipeni nikaliweke ndani. Likatafutwa chini ya meza, nyuma ya mlango. Halipo. Baadaye kijana mmoja mdogo akanong'ona kwamba lilikwenda na mtu wa chuma chakavu, pamoja na madigadi iliyokatwa. Kwa kilo! Nimezunguka maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani nikiuliza kifuniko kizima cha CG, wananionyesha vile vya nusu vya Kichina vinavyofunika juu tu. Pakistan wanaitengeneza Honda hii mpaka leo, kifuniko chake kipo, ila kukiagiza kipande kimoja cha bati kutoka Karachi ni kichekesho kwa mtu aliyekuja na laki sita.

Halafu trafiki. Alinisimamisha nikiwa na tangi la rangi tatu: kijani mbele, puti kijivu katikati, nyekundu nyuma. Kadi inasema nyekundu, nilipanga kwenda TRA kubadilisha kazi ikiisha. Akaitazama kadi, akalitazama tangi. "Hii ni rangi gani?" Nikamwambia, "Afande, hata mimi nasubiri kujua." Alicheka akaniachia. Yule ana ubinadamu kuliko gereji nzima.

Tangi sasa limerudiwa na yule rafiki wa magari. Amelikwangua hadi bati, 2K ya kweli, nimelimwagia petroli makusudi mbele yake, nikafuta, kitambaa kikatoka kilivyoingia. Nimelipa mara mbili kwa tangi moja, na bajeti yangu ya laki sita imebaki historia.

Kwa hiyo siti, nyota tano, nenda, lakini ingia kwa mlango wa nyuma ukamtafute mzee. Kuchomelea, nne. Rangi, sifuri. Jumla nilitaka kuandika tatu. Napunguza moja kwa ajili ya kifuniko cha cheni na nyingine kwa ajili ya baba yangu.

Na ile picha ya ukuta mweupe bado ipo Instagram kwao, ya kwanza kabisa juu, pikipiki yangu inameta, watu chini wanauliza bei na wanajibiwa "njoo inbox". Niliwaandikia waifute au waweke na ya tangi lililobabuka pembeni yake. Wamenijibu kwa dole gumba.