Mvua ndani ya hoteli: uzoefu wangu Tonga Room, San Francisco

Ukifika San Francisco na ukawa na jioni moja tu ya starehe, nakushauri uipeleke Tonga Room, baa na mgahawa uliopambwa kwa mandhari ya visiwa vya Pasifiki. Ipo ndani ya hoteli ya Fairmont, juu ya kilima cha Nob Hill, na kufika si taabu, kwani njia zote tatu za tramu zile zinazovutwa kwa kebo hupita jirani. Nilikwenda na wifi yangu, ambaye hagusi kileo, na sote wawili tulitoka tumeridhika. Mimi naipa nyota tano.

Unashuka kutoka mapokezi yenye nguzo kubwa na zulia, na mara unajikuta kwenye giza la kisiwani: mianzi, taa hafifu, nyuso za kuchonga, na katikati ya ukumbi ziwa. Ziwa hilo awali lilikuwa bwawa la kuogelea la hoteli, lililojengwa mwaka 1929. Mwaka 1945 akaitwa Mel Melvin, mbunifu wa mandhari za filamu kutoka studio za MGM, akaligeuza kuwa maji ya kisiwa cha kubuni, meza zikapangwa kandokando yake chini ya vibanda vya makuti. Hata sakafu ya kuchezea muziki ina historia yake: hoteli inaeleza kuwa imetengenezwa kwa mabaki ya S.S. Forester, merikebu iliyokuwa ikibeba mbao kati ya mji huu na visiwa vya Pasifiki.

Halafu inakuja mvua. Kwanza radi inamulika, ngurumo inafuata, kisha maji yanamwagika kutoka darini moja kwa moja ziwani. Wifi aliukwapua mkoba wake mezani na kuukumbatia, ingawa hapakuwa na tone lililotufikia. Nimekulia pwani, mvua ya juu ya makuti naijua kwa masikio, kwa hiyo nilikaa nikisikiliza kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Ni mvua ya mabomba, ndiyo, lakini ule mlio wa matone yakigonga maji yaliyotulia ni wenyewe kabisa. Watu waliacha kuongea. Ilipokatika wakapiga makofi, na baada ya muda ikarudi tena.

Bendi nayo haipandi jukwaani. Inapanda boti iliyoezekwa, boti inasogea taratibu hadi katikati ya ziwa, na hapo ndipo muziki unapoanza. Walipiga nyimbo ambazo kila mtu anazijua, na wazee waliokuwa meza ya jirani ndio waliotangulia kucheza.

Upande wa vinywaji, agiza Mai Tai, maana hapa uko karibu na kwao. Victor Bergeron, aliyejulikana kama Trader Vic, alisema aliibuni mwaka 1944 katika mgahawa wake wa Oakland, ng'ambo tu ya ghuba. Asili yake ni ramu, ndimu, kileo kitamu cha machungwa, sharubati ya lozi na sukari kidogo. Nanasi liliingia baadaye, kinywaji kilipofika Hawaii. Mimi sipendi vitu vitamu sana, nikaomba ndimu izidi, nikaletewa hivyo. Wifi aliomba nanasi na nazi bila ramu. Alichotengenezewa kilipambwa sawasawa na changu, naye akalitaja jambo hilo mara kadhaa njiani tukirudi, kwa sababu si kila baa inamheshimu asiyekunywa.

Nina neno moja kuhusu baa za aina hii, zenye mandhari ya visiwa, kwa jumla. Zilianzishwa na Wamarekani katika miaka ya 1930, Ernest Gantt kule Hollywood akiwa wa mwanzo, na nyuma ya kaunta zao walisimama Wafilipino wengi waliochanganya vinywaji hivyo bila majina yao kujulikana. Tonga yenyewe ni ufalme halisi katika Bahari ya Pasifiki, wenye watu na lugha yao, na nyuso zile za kuchonga kwa watu wa Polinesia, yaani visiwa vya eneo hilo, zina maana ya mababu na miungu. Furahia ukumbi kama kazi bora ya mafundi wa filamu. Usidhani umeiona Tonga.

Mwaka 2009 ulikuwapo mpango wa kugeuza sehemu ya hoteli kuwa makazi ya kuuza, na ukumbi huu ungepotea. Wenyeji walipinga kwa sauti kubwa. Baada ya kuingia humo nawaelewa vizuri.

Kwa anayepanga kwenda: beba pasipoti, kwani sheria ya California hairuhusu kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 21. Weka nafasi mapema, na uulize kama usiku huo bendi ina kiingilio chake. Bei ni za hoteli kubwa, na juu yake utaongeza kodi na bahshishi ya mhudumu. Chukua sweta, kwa sababu ukungu wa kilimani unapenya hata Julai. Na unapoweka nafasi, omba meza ya ukingoni mwa maji.