Assetto Corsa Competizione: Gemu iliyonifundisha kuachia breki

Nina miezi minane na gemu hii ya mbio za magari, karibu kila usiku watoto wakishalala. Anayefikiria kuinunua ajue mapema: humu mtu hashindi kwa kukanyaga mafuta, anashinda kwa namna anavyoachia breki.

Wiki mbili za kwanza niliteseka sana. Nilizoea gemu za kufunga breki, kukata kona na kuondoka. Sasa njoo kona ya Crowthorne kwenye uwanja wa mbio wa Kyalami, Afrika Kusini. Ukiachia breki ghafla huku umekata usukani, pua ya gari inainuka, tairi za mbele zinakosa mshiko na gari linanyoosha kwenda nje. Ukiing'ang'ania, uzito wote unalalia mbele, nyuma inabaki nyepesi na gari linazunguka. Inabidi uiachie kidogo kidogo kadiri unavyokata. Usiku nilioipatia, nilijua kwa mikono kabla ya macho: usukani ulikuwa mzito, kisha ukaanza kulegea, na kulegea kule ndiko tairi inakokwambia imefika mwisho wake.

"Niweke ngapi?" Fundi tairi huniuliza hivyo kila mara, nami nilikuwa najibu tu bila kufikiri. Waitaliano wa Kunos Simulazioni, waliotengeneza gemu hii, wamelifanya swali hilo kuwa nusu ya mashindano. Magari ya GT3, yaani magari ya mashindano yaliyotokana na yale ya barabarani, kwenye lami kavu yanataka upepo wa psi 26 hadi 27, lakini hapo ni tairi zikishapata moto. Zikiwa baridi unaweka pungufu, kwa sababu joto litaupandisha. Upepo ulionifaa saa nane mchana haunifai jua likizama, lami ikipoa. Mvua ikikatika ndipo utamu wenyewe ulipo: njia yanayopita magari inakauka kwanza, na ukithubutu kuweka tairi zisizo na kashata mapema kuliko wenzako unawapita wote, mradi usikanyage palipolowa.

Kuhusu vifaa, sikilizeni. Nilianza na usukani na pedali za mtumba. Pedali ya breki ilikuwa inaruka. Naigusa kidogo, kwenye skrini inasoma zaidi ya nusu. Wiki nzima nililaumu gemu bure. Nilipopata pedali inayopima nguvu ya mguu, siyo umbali inaoshuka, muda wangu wa Kyalami ulipungua sekunde mbili. Kama fedha ni ya kifaa kimoja tu, nunua pedali kwanza, usukani wa bei utafuata. Kompyuta nayo iwe na nguvu, hasa ukitaka mvua na magari mengi kwa pamoja.

Mbio za mtandaoni zinakupima usalama: unavyokimbia karibu na wengine bila kuwagonga, alama zinapanda, na bila alama hizo mashindano ya maana huingii. Nimelipenda sana jambo hilo. Juzi pale Spa, uwanja wa Ubelgiji, jamaa mmoja alinikaba mizunguko sita, tumefika kona ya Raidillon ubavu kwa ubavu, akaniachia upana wa gari moja kamili, nami nikamwachia kona iliyofuata. Alinishinda kwa nusu sekunde.

Sasa hivi niko Nordschleife, ule uwanja mrefu wa Ujerumani, peke yangu kwanza, najifunza kona kumi kumi.